Waraka Usomwe Kwanza, Uhifadhiwe kwa Hiari

Mtu abofyaye kiungo cha waraka mtandaoni, uwe ni mswada wa sheria, fomu ya maombi ya kazi au mtaala wa chuo, aghalabu muradi wake ni kuusoma papo hapo apate kujua kama unamfaa. Ilhali mara nyingi kivinjari, bila ya kumtaka shauri, huupakua na kuutia katika folda, kikamwachia yeye taabu ya kuutafuta, kuufungua na mwishowe kuufuta. Mimi naihesabu desturi hii kuwa ni kumnyang'anya msomaji hiari yake.

Asili ya jambo iko kwenye seva, ambayo kila itumapo faili hutanguliza maelezo asiyoyaona msomaji: faili ni la aina gani, na je, lionyeshwe ndani ya dirisha au lipokewe kama kiambatisho. Seva ikiamuru kiambatisho, kivinjari hutii, japo Chrome imekuwa na uwezo wa kuonyesha PDF tangu mwaka 2010 na Firefox tangu 2013. Fauka ya hayo, toleo la 98 la Firefox, lililotoka Machi 2022, liliacha desturi ya kumwuliza mtu afungue au ahifadhi, likawa lapakua moja kwa moja.

Madhara yake huonekana zaidi katika mikahawa ya intaneti na maktaba, ambako kompyuta moja hupitiwa na watu wengi kwa siku. Hati ya kiwanja, majibu ya hospitali, barua ya ajira, vyote hubaki katika folda ya vipakuliwa, na ajaye kuketi baadaye aweza kuvisoma akipenda. Hata dirisha la faragha, ambalo likifungwa hufuta historia ya kurasa zilizotembelewa, kwa kawaida haliondoi faili lililokwisha kupakuliwa; na wengi walitumiao hawana habari hiyo. Kadhalika kuna hasara ya gharama: waraka mrefu ulioandaliwa vyema, kwenye seva iruhusuyo kuchukua sehemu sehemu, huweza kuonyeshwa ukurasa baada ya ukurasa, hata atakaye ukurasa wa kwanza tu asilazimike kulipia bando la kurasa mia mbili.

Nakiri kwamba tovuti zipokeazo mafaili kutoka kwa watu wasiojulikana zina haki ya kulazimisha upakuaji, maana ukurasa wa hila ukionyeshwa chini ya jina la tovuti huweza kutumia mamlaka yake kumdhuru mgeni. Lakini waraka uliotolewa na ofisi yenyewe hauna udhuru huo. Na yule mwenye mtandao wa kukatika-katika, atakaye kuusoma nyumbani, kitufe cha kupakua kiko juu ya waraka wenyewe.

Msomaji aweza kuingia katika mipangilio ya kivinjari chake na kuchagua PDF zifunguliwe humo humo, ingawa amri ya seva huweza kuushinda uchaguzi wake. Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa tovuti za wizara, mahakama na vyuo vikuu wazikague seva zao, wautaje kila waraka kwa aina yake ya kweli, na waondoe amri ya kiambatisho pale isipohitajika. Kazi hiyo aghalabu ni ya kubadilisha mstari mmoja tu.