Msimkatie Binti Fasihi ya Kiingereza



Leo hatuna piko wala mitindo ya mabuibui. Leo tuna ugomvi.

Binti wa sekondari akifika kuchagua masomo, ya lazima yanajulikana: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati na wenzake. Kisha yanakuja ya hiari, na humo ndimo ilimo fasihi ya Kiingereza. Hapo maneno huanza nyumbani. Mara hilo somo la mapenzi ya kizungu, mara litamharibu mtoto, mara hilo ni la walioshindwa sayansi. Na binti kwa adabu zake anaitikia "haya mama", analiacha, hata kama ndilo alilolipenda kuliko yote.

Tunauliza: hao wasemaji wamevifungua vitabu vyenyewe?

Kwa miaka mingi skuli zetu zimesomesha tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia wa Cameroon, Three Suitors: One Husband. Juliette anarudi kwao kutoka sekondari, anakuta baba ameshapokea pesa za mchumba mmoja, na mwengine, mtumishi wa serikali, anakuja na nyingi zaidi. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Wanaukoo wanahesabu noti, wanashangaa msichana ana la kusema!

Mapenzi ya kizungu yako wapi hapo? Dini yetu imeshasema kuwa bikira huombwa idhini yake, na mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, si ya baba wala ya wajomba. Msichana aliyesoma chuoni kwake vizuri, akikaa na tamthilia ile, ataona dhulma iko wapi kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Kinachowatisha watu labda ni kuwa ataiona na hapa kwetu.

Kipo pia Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone, kinachohusu ukeketaji wa wasichana. Ipo The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, ambamo mwalimu Lakunle anampigia binti maneno makubwa ya mapenzi na maendeleo, lakini mahari hataki kutoa. (Wa aina hiyo hata Darajani wapo, tena wamejaa.) Bora binti akutane naye kitabuni kwanza.

Kisiwani petu neno somo lina maana mbili, na wasomaji wetu mnaojiandaa na harusi mnaijua ya pili. Somo anayekufunda hukufundisha kusikia hata lile lisilotamkwa. Fasihi kazi yake ni hiyo hiyo: nani anasema, anataka nini, na kwa nini amelizunguka neno. Sarufi peke yake haimpi mtu hayo.

Sasa hilo la walioshindwa. Daraja la Kidato cha Nne hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Anayejiweza akiongeza fasihi hapotezi kitu. Na mtihani wa Biolojia, wa Jiografia, wa Kemia, wote unaandikwa kwa Kiingereza. Wangapi wanalijua jibu lakini swali hawalielewi? Hatusemi aache Fizikia. Tunasema asinyimwe kitabu.

Wengine hutuletea Kiarabu kana kwamba ni mke mwenza. Kiarabu ni cha dini yetu na asome, lakini nani aliyesema kimoja kinamfukuza kingine? Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na mtu anayeaminika. Lugha ya wengine ilikuwa kinga.

Kwa bibi harusi kinga hiyo ina bei yake. Anayemfuata mume Uingereza, tangu 2010 anatakiwa afaulu jaribio la Kiingereza kabla ya kupewa viza. Na akishafika huko, barua za hospitali, mkataba wa nyumba, karatasi za skuli ya watoto, zote atasomewa na mume. Mume akiwa mwema, alhamdulillahi. Asipokuwa?

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, tulipongezana kama kwamba sote tuliandika. Vitabu vyake ameviandika kwa Kiingereza. Paradise ni habari za mtoto wa miaka kumi na miwili anayetolewa na baba yake kulipia deni, katika pwani hii hii. Tuna binti zetu wangapi wanaoweza kukisoma hadi mwisho?

Basi mama, kabla fomu ya masomo haijarudi skuli, nenda kamuulize mwalimu kama fasihi ya Kiingereza inasomeshwa hapo, na kama haisomeshwi, ni mwalimu anayekosekana au vitabu. Jibu lipeleke kwenye kikao cha wazazi, tena liseme kwa sauti.