Gadefu ya baraza: pima kwanza, fundi aje kisha

KONA YA NYUMBA



Swali moja limetufikia mara nyingi siku hizi: "Tunataka kuweka gadefu kwenye baraza. Tuanze wapi?" Ni swali zuri, kwa sababu linauliza mwanzo. Kusude vyuma ni kazi ya siku moja ao mbili, lakini ikiwa vipimo vilikuwa vibaya, gadefu itabaki mbaya miaka ishirini. Kinachomlinda mtoto kinaamuliwa mbele ya fundi kuwasha mashine yake.

Kwetu jambo hili ni zito. Butembo imejengwa juu ya vilima. Ili kupata sakafu iliyo sawa, tunakata mlima nyuma na kuinua msingi mbele. Ukitoka kwa mlango wa nyuma unakanyaga udongo. Ukitoka kwa mlango wa mbele, baraza iko juu metre moja, mbili, pengine tatu. Beni kuko tambarare zaidi, lakini huko pia nyumba za etaji zipo, na baraza nyingi zimeinuliwa ili maji ya mvua yasiingie.

Tena, tangu 2014 mauaji katika vijiji vya eneo la Beni yamefukuza watu wengi. Jamaa nyingi mjini zimepokea watoto wa ndugu zao. Nyumba iliyojengwa kwa watoto wanne leo inalaza tisa. Mtoto aliyefika juzi, akiamka usiku na umeme umekatika, hajui baraza inaishia wapi. Kwa hiyo tupange kazi hii kwa utaratibu.

1. Hesabu watu, kisha hesabu vyuma

Andika kwenye karatasi nani anaishi nyumbani na nani anakuja mara kwa mara. Je, kuna anayetambaa? Anayepanda kila kitu? Mzee anayehitaji kushika kitu akishuka ngazi? Gadefu inapimwa kwa mtoto mdogo kuliko wote na kwa mtu mzima mzito kuliko wote. Mdogo asipite katikati. Mzito akiegemea, isilegee.

2. Vipimo vitatu vya kukumbuka

Kimo: metre moja kutoka sakafu hadi juu. Ndicho kipimo cha chini katika kanuni ya Ufaransa. Marekani, kwa nyumba za jamaa, wanadai sentimetre 91. Sisi tushike metre moja. Na kama kuna kaukuta kafupi ambako mtoto anaweza kusimama, pima metre hiyo kuanzia juu ya kaukuta.

Nafasi: kati ya chuma na chuma isizidi sentimetre 10. Nafasi ikiwa pana, mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki kimekwama, na hapo hatari ni kubwa kuliko kuanguka. Kata kipande cha mbao chenye sentimetre 10 kila upande, ukiweke nyumbani. Siku ya kupokea kazi, kipitishe kila mahali. Kikipita, fundi arudie. Nafasi ya chini, kati ya gadefu na sakafu, isizidi vilevile sentimetre 10; inatosha kwa kusukuma maji wakati wa kufagia.

Mwelekeo: vyuma visimame wima. Mafundi wengi wanapendekeza vyuma vya kulala, kwa sababu vinapendeza na vinatumia kazi kidogo. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni ngazi. Maua na mapambo ukiyataka, yawe juu, mbali na miguu. Na ukishamaliza, usiweke benchi, beseni ao bidoni karibu na gadefu, maana mtoto atapanda hapo.

3. Chuma, mbao ao beto?

Chuma cha mraba ndicho kinachotumika zaidi. Kinauzwa kwa vipande vya metre 6. Omba chuma kizito. Chepesi sana kinapinda na kutoboka kwa kutu. Matundu ya juu ya nguzo yafungwe, kwa sababu mvua ikiingia ndani, kutu inakula nguzo kutoka ndani na wewe huoni.

Mbao inafaa pia. Eukaliptusi ni rahisi kupata Butembo, lakini ikitumika mbichi inapasuka na kujipinda. Iache ikauke vizuri kivulini. Mbao za libuyu na mvule zinazofika Beni zinadumu zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi. Mbao yoyote isigusane na udongo, wala isisimame ndani ya maji.

Vijiguzo vya beto vya kufinyangwa vinapendeza, lakini ni vizito. Kila kimoja kiwe na chuma ndani kinachoshika sakafu chini na mkono wa gadefu juu. Vikisimamishwa kwa sima peke yake, siku moja mtu ataegemea na vyote vitaondoka pamoja naye.

4. Mizizi ya nguzo

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Kama baraza haijamwagwa beto, una bahati: mwite fundi vyuma mbele ya fundi wa kujenga kumwaga, nguzo zifungwe kwenye vyuma vya beto. Kama beto iko tayari na ni nene, nguzo iingie sentimetre 15. Kama ni nyembamba, itumike bamba la chuma lenye tundu nne na vis ndefu za beto. Nguzo isikae ukingoni kabisa, maana ukingo unapasuka. Isogee ndani sentimetre 10.

Usikubali nguzo ishikwe na krepi peke yake, wala na tofali za udongo zisizochomwa. Kwa nyumba ya namna hiyo, mwaga kwanza ukanda wa beto wenye vyuma ndani.

Beto mpya imwagiliwe maji siku 7. Nguvu yake kamili tunaihesabu siku ya 28. Fundi akitaka kusude gadefu kesho yake, mwambie angoje. Na kwetu, panga kazi hiyo kwa miezi ya mvua kidogo, Januari na Februari, ao Juni na Julai. Rangi ikipakwa juu ya chuma chenye maji haishiki.

5. Mfano wa hesabu

Tuseme baraza ina metre 6 mbele na metre 1.5 kila upande, na mbele katikati kuna ngazi ya metre 1.2. Gadefu yote ni metre 7.8.

Nguzo: 8, zenye unene wa sentimetre 4, pamoja na sehemu inayoingia chini. Vyuma 2 vya metre 6.
Mikono ya juu na ya chini: metre 15.6. Vyuma 3.
Vyuma vya wima: 60, vyenye unene wa sentimetre 2 na urefu wa sentimetre 82. Chuma kimoja kinatoa vipande 7, basi vyuma 9.

Jumla: vyuma vinene 5 na vyembamba 9. Ongeza baketi za kusude, diski za kukata, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu, sima na mchanga. Hesabu ya ngazi yenyewe na kilango ifanywe pembeni. Kilango kifunguke kuelekea baraza, kisifunguke juu ya ngazi.

Ukiwa na karatasi hii, uliza mafundi watatu bei ya kitu kilekile. Bila karatasi, kila mmoja atakutajia bei ya gadefu yake mwenyewe, na huwezi kulinganisha.

6. Pesa na maneno

Vyuma vingi vinaingia kupitia Kasindi. Barabara ikifungwa, bei inapanda. Kwa hiyo ukipata zamu yako ya kuchukua pesa katika kikundi cha akiba, nunua vyuma kwanza na uvihifadhi pakavu. Kazi ya fundi itafuata.

Andikeni mapatano: vipimo, idadi ya vyuma, rangi mara ngapi, siku ya kumaliza, na nani analipa mafuta ya mashine ya umeme ikiwa mkondo haupo. Toa avansi ya kuanza, lakini sehemu ya mwisho ilipwe baada ya kujaribu. Mume na mke wasome karatasi hiyo pamoja, ili fundi asipokee amri mbili.

Kama pesa haitoshi kwa yote, anza na upande ulio juu zaidi. Pande zingine, funga kwa mianzi ao mbao kwa muda, kwa nafasi zilezile za sentimetre 10.

7. Siku ya kazi

Watoto wapelekwe kwa jirani. Mwanga wa kusude unaumiza macho hata kwa mbali, nao watoto wanaupenda kuutazama. Ondoa godoro, nguo zilizoanikwa, makaa na bidoni za mafuta. Weka ndoo ya maji na mchanga tayari, lakini maji yasifike kwenye waya. Kama gadefu ya zamani inaondolewa, mlango wa baraza ufungwe na ufunguo mpaka mpya ishikwe. Jioni, pitisha mkono taratibu ukivaa kitambaa: penye ncha kali, fundi apige diski mbele ya rangi.

8. Kupokea kazi

Watu wawili wazima wasimame ndani na kuisukuma gadefu kuelekea nje, kila nguzo, pole pole kisha kwa nguvu, wakiwa wameweka miguu yao mbali na ukingo. Huko Marekani kanuni inadai mkono wa gadefu ubebe kilo 90 hivi kwa sehemu yoyote. Kama nguzo inacheza leo ikiwa mpya, mwaka kesho itaanguka. Kisha pitisha kile kipande cha mbao. Kisha lipa.

Baada ya hapo, kila mwaka mwanzoni mwa mvua, angalia miguu ya nguzo. Kutu inaanzia pale maji yanapolala. Kuikwangua na kupaka rangi ni kazi ya asubuhi moja.

Jumapili hii, mama, baada ya ibada na chakula, chukua metre ya kupimia na mtoto mmoja akushikie ncha. Pima urefu wa baraza, pima kina hadi udongo, andika. Asiye na metre aazime kwa jirani. Ukileta karatasi yako kwenye mkutano, tutaihesabu pamoja.

Wiki ijayo: maji ya mapaa na namna ya kuyazuia yasikate parsele ya jirani.