Rwanda ni 60, Tanzania ni 80, Uvira ni mguu wa dereva

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katikati ya Sange, kwenye barabara ya taifa nambari 5 kati ya Uvira na Bukavu. Mafuta yakamwagika. Watu wakakaribia, wengine na bidoni mkononi, wengine kwa kutazama tu. Karibu na hapo watu walikuwa wamejaa katika nyumba za kuonyesha mpira, wakifuata Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliwakuta hao wote. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengi walizikwa pamoja.

Siku nyingi kisha, mazungumzo yalikuwa juu ya umaskini: sababu gani mtu anakimbilia petroli iliyomwagika? Swali hilo lilikuwa na haki yake. Lakini kuna lingine lililopita kimya. Gari zito namna ile, lenye mzigo wa kuunguza kijiji kizima, ni nani anaangalia mwendo wake linapoingia kati ya nyumba za watu? Miaka 15 na zaidi imepita. Ukiuliza leo pale Sange, Luvungi ao Kavimvira, jibu ni lile lile: dereva mwenyewe.

Nchi jirani zimejaribu kuitoa hesabu hiyo kwenye mguu wa dereva na kuiweka ndani ya gari. Kifaa chenyewe kinaitwa kidhibiti mwendo. Wanaofuata Kifaransa wanasema limiteri. Kazi yake si ya ajabu. Kinasoma mwendo wa gari, na ukifika namba iliyofungwa, kinapunguza mafuta yanayoingia kwenye mota. Dereva akanyage mpaka chini, gari halizidi pale. Kinapigwa sili, na mwenye gari anapewa karatasi ya kuonyesha polisi.

Rwanda iliandika jambo hilo katika amri ya rais mwaka 2015: magari ya kubeba abiria kwa malipo yasipite kilomita 60 kwa saa. Tanzania, sheria inaweka 80 kwa mabasi na malori mazito, na mabasi ya safari ndefu yamefungwa chombo kinachotuma mwendo wao na mahali walipo kwa mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA. Dereva akizidisha, habari inafika ofisini mbele yake mwenyewe hajafika kituoni.

Kenya ndiyo yenye hadithi ndefu zaidi, na inafaa kusomwa polepole hapa kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2003, waziri wa usafiri John Michuki alitoa sheria mpya kwa magari ya abiria, zile matatu. Kuanzia tarehe 1 Februari 2004, kila matatu ilipaswa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mikanda kwenye viti vyote, na mstari wa rangi ya manjano ubavuni. Wenye magari walikataa. Matatu nyingi ziliondoka barabarani, watu wakaenda kazini kwa miguu. Serikali haikurudi nyuma, na magari yakafungwa vile vifaa.

Mwanzoni barabara ilitulia. Kisha Michuki akahamia wizara nyingine, na macho yakalegea. Mafundi wakajua waya wa kukata. Kulikuwa na magari yenye kifaa mahali pake na karatasi yake, vyote vizuri, ila kifaa chenyewe hakizuii kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 2018, basi moja lilitoka barabarani pale Fort Ternan na kuua watu zaidi ya 50. Kisha serikali ikatangaza kwamba sheria za Michuki zinarudi. Zinarudi kutoka wapi? Hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa zimeachwa tu.

Mambo hayo yanasaidia kuelewa ugumu wa Uvira, sababu hapa hata ile hatua ya kwanza haieleweki. Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Ni ya wakati ambapo mwendo ulijulikana kwa mshale wa gari na kwa jicho la polisi. Tume ya taifa ya kuzuia ajali, CNPR, nayo ilizaliwa mwaka ule ule. Polisi wa barabarani wakisimamisha gari kwenye RN5, dereva anatayarisha makaratasi anayoyajua: bima, ruhusa ya kuendesha, kontroli tekiniki. Ya kidhibiti mwendo haimo katika mazoea hayo. Kama kesho amri ikitoka Kinshasa, nani atakifunga? Nani atakipima? Mkaguzi wa jimbo, polisi, ao kampuni itakayopata soko?

Raia wa huku wana sababu ya kuuliza hivyo. Mwaka 2014 Kinshasa ilitangaza kwamba magari yenye usukani wa kuume hayataruhusiwa tena kuingia nchini. Sababu ilikuwa ya kweli kabisa: kwetu tunapita upande wa kuume, kwa hiyo dereva aliyeketi kuume haoni mbele anapotaka kupita lori, na abiria wa Hiace anashukia katikati ya barabara, penye magari. Lakini magari ya huku yananunuliwa Japani na kupitia bandari ya Dar es Salaam, na usukani wake ni wa kuume. Leo simama dakika kumi tu Mulongwe na uhesabu. Amri ilibaki karatasi, na kwa dereva wa kawaida iligeuka sababu moja zaidi ya kusimamishwa na kuombwa pesa.

Hiyo ndiyo hofu inayokuja kwanza kwenye kituo cha magari, mbele ya kufikiri ajali. Kifaa kitauzwa kwa dola. Karatasi yake italipiwa kila mwaka. Kwenye kila kizuizi mtu atasema sili imelegea, hata kama haijalegea. Anayesema hivyo si adui wa usalama, ameishi kwenye hii barabara. Na mwendo wenyewe hautoki kichwani mwa dereva peke yake. Dereva wengi gari si lao. Kila jioni kuna pesa ya kumrudishia mwenye gari, na safari moja ikikosekana, pesa hiyo haitimii. Jioni kuna mpaka unaofungwa. Kumfunga dereva kifaa bila kugusa hesabu ya mwenye gari ni kumwambia fundi mapema kwamba kazi ya kukata waya inakuja.

Lakini faida ya kukimbia ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa kilomita 30 za barabara nzuri, gari la 60 linachukua dakika 30, la 80 linachukua dakika 22 na nusu. Dakika saba na nusu, basi. Upande wa pili, nguvu ya kugonga ya gari la 80 inakaribia mara mbili ya lile la 60. Shirika la afya duniani, OMS, linaeleza kwamba mtu wa miguu anayegongwa na gari la kilomita 65 ana hatari ya kufa mara 4,5 kuliko akigongwa na la kilomita 50.

Na Uvira ni mji wa watu wa miguu. Mlima uko huku, ziwa liko kule, na kati yao barabara kubwa ni moja. Lori linaloenda bandari ya Kalundu, mwanafunzi wa Kasenga, mama mwenye beseni la ndagala kichwani, baiskeli ya mihogo kutoka bondeni, motari mwenye abiria wawili: wote wanapita pale pale. Hakuna njia ya pembeni ya kupeleka magari mazito.

Kwa hiyo namba gani ifungwe? Hapo kuna shida ambayo watu wa vifaa hawapendi kuitaja. Kidhibiti cha kawaida kina namba moja tu. Ukifunga 80, gari litaingia sokoni Kavimvira na 80 bila kuvunja sili yoyote. Ukifunga 60, bado ni mwendo mkubwa mbele ya shule. Ulaya wameenda mbali zaidi: tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya linapaswa kuwa na mfumo unaosoma vibao vya barabarani kwa kamera, ao kufuata ramani, na kumwonya dereva. Hata huo dereva anaweza kuupita ao kuuzima. Kwa RN5 kifaa kama hicho kingebaki kipofu. Kitasoma kibao gani? Sehemu nyingi kinachopunguza mwendo ni mashimo, na pale wakaaji walipochoka kuzika watoto, dodani ya udongo waliyoinua wenyewe. Dodani haina karatasi, lakini haikatwi waya.

Tena kuna wamotari. Vidhibiti vinavyozungumziwa katika sheria za majirani ni vya magari ya abiria na malori. Hapa wengi wanasafiri kwa pikipiki. Sheria itakayowaacha itakuwa imeacha sehemu kubwa ya mji, na itakayotaka kuwafunga wote kwa siku moja haitafika mbali.

Wapo watakaosema mji uliopitia yale ya Desemba 2025, M23 ilipoingia Uvira, hauna muda wa kuongea vifaa vya magari. Lakini hata risasi zikinyamaza, kinachofunguka kwanza ni barabara, na malori ndiyo yanayotangulia.

Kama kuna mahali pa kuanzia, ni kwa malori hayo na mabasi ya safari ndefu, si kwa Probox za mjini. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Magari mengi makubwa yanayofika hapa yanatoka katika nchi ambako mwendo wao tayari umewekewa namba, na mengine yanafika yakiwa na kifaa ndani. Wanaopita njia ya Bugarama kwenda Bukavu wanalijua jambo hili bila kufundishwa: dereva mmoja, gari moja, upande wa Rwanda anatembea kwa adabu sababu anajua anapimwa, akivuka daraja la Kamanyola, mguu unakuwa mzito. Kifaa hakikutoka ndani ya gari. Kilichobaki nyuma ni mtu wa kukiangalia.

Pale Kavimvira kazi ya kuangalia inajulikana vizuri. Lori la mafuta likifika linasimama. Karatasi zinasomwa, lita zinahesabiwa, sili ya tanki inaangaliwa kwa makini kama haijaguswa, sababu pale kuna ushuru wa serikali. Sili ya mwendo haina anayeiuliza. Kizuizi kinainuliwa, na lori linaingia mjini saa ambayo watoto wanatoka shuleni.