Kamati za Bunge zije mikoani kusikiliza maoni juu ya miswada



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nami nitoe maoni yangu kuhusu jinsi miswada ya sheria inavyochambuliwa kabla ya kupitishwa na Bunge.

Wananchi wengi tukisikiliza Bunge redioni hudhani kwamba sheria hutungwa katika mabishano ya ukumbini. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha fanyika. Muswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika. Kamati huupitia kifungu kwa kifungu, humhoji Waziri, na kwa mujibu wa Kanuni za Bunge inaweza kumwalika mtu yeyote kutoa maoni. Ikiona kasoro humshauri Waziri alete marekebisho. Muswada unaporudi ukumbini, muda ni mfupi. Asiyesikika mbele ya Kamati amekwisha chelewa.

Sisi wa Tabora tunazo kumbukumbu zinazofaa hapa. Zama za misafara, mizigo iliyotoka Bagamoyo ilipumzishwa Unyanyembe, ikagawanywa upya, mingine ikaenda Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Mzigo uliofungwa vibaya mpagazi aliujua mapema kuliko tajiri wake, kwa kuwa bega lilikuwa lake. Kamati ya Bunge ni kituo cha namna hiyo. Je, mwenye bega anaulizwa?

Chukua Sheria ya Fedha ya mwaka 2017. Ilishusha ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge, hilo ni jambo linalogusa bei. Kwa halmashauri zinazotegemea tumbaku, ni pengo katika fedha za zahanati na madarasa. Pande zote mbili zina hoja, na wote wako huku kwetu. Lakini vikao vya kutoa maoni kwa kawaida hufanyika Dodoma, na nauli na malazi ya huko si kitu kidogo kwa mkulima.

Jambo jingine ni muda. Juni 2019 muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, uliogusa makampuni, asasi za kiraia, takwimu na filamu, uliletwa kwa hati ya dharura na kupitishwa mwezi huo huo. Kinyume chake, Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliosomwa mara ya kwanza Septemba 2022 ulisubirishwa baada ya hoja nyingi, ukapitishwa Novemba 2023. Taifa halikuanguka kwa kungoja.

Isitoshe, uwezo wa Kamati tumeuona. Marehemu Samuel Sitta, aliyekuwa Mbunge wa Urambo Mashariki, alikuwa Spika kuanzia 2005 hadi 2010. Wakati wake Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2007, na Februari 2008 taarifa ya Kamati Teule kuhusu Richmond ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu. Nguvu ile iliyotumika kuchunguza mkataba mmoja inastahili pia kutumika kuchambua miswada.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, muswada unaohusu zao fulani usikilizwe pia mahali zao hilo linapolimwa. Kamati husafiri kukagua miradi. Zisafiri pia kwa ajili ya sheria. Pili, kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, nakala za miswada zifike mapema kwenye kata na vyama vya msingi vya ushirika. Tatu, hati ya dharura iachiwe dharura za kweli.

Najua watu watasema ni gharama. Lakini sheria yenye kasoro hurudi Bungeni kurekebishwa, na gharama ya kurudi huko tunailipa sisi sisi. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkulima wa Tumbaku,
Urambo,
TABORA.