Simu ya mama na mtoto asiyetulia

Wiki hii tunajibu swali ambalo vikundi vingi vinatuletea: mtoto anaanza hesabu, mstari wa pili tayari amemfuata kuku nje. Tufanye nini?

Kuna hali ambayo madaktari wanaiita TDAH. Inatokana na jinsi ubongo wa mtoto unavyokua, na dalili huonekana kabla ya miaka 12. Si uvivu, wala si ulozi. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, lakini bado tunasikia watoto wanafungishwa njaa kwenye maombi kwa sababu hawatulii!

Tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, kalasi zimejaa, na mwalimu hana nafasi ya kumfuata mmoja mmoja. Lakini simu tuliyo nayo inaweza kusaidia, hata ile ndogo ya vifungo.

Tega alarme ya dakika 10. Mtoto aandike mpaka ilie, kisha asimame, achote maji, aruke kidogo. Akirudi, dakika 10 nyingine. Mtoto wa namna hii hahisi muda unavyopita, sasa simu inamhesabia. Na ugomvi unapungua, maana simu ndiyo inasema “simama”, si mama.

Mwalimu mwenye WhatsApp tumwombe kwa heshima atume sauti fupi jioni, akitaja kazi ya kesho. Mtoto huyu husahau kuandika kazi. Anaposema “hatukupewa”, mara nyingi hadanganyi.

Simu yenyewe ikae mbali na mkono wake. Video na michezo humshika sana, na kumtoa humo ni vita. Programu inayodai kuponya TDAH msiinunue, hakuna inayoponya.

Tusisahau wasichana. Wengi hawarukiruki, wanakaa kimya wakitazama dirisha, na tunasema ni wazito wa akili.

Simu haipimi ugonjwa. Kabla ya yote, mtoto apimwe macho na masikio kwenye kituo cha afya, na tuangalie kama analala vizuri na kama anakwenda shuleni amekula. Mengine aseme daktari.

Mama asiye na simu atumie saa ya mezani, kazi ni ileile. Mkutano ujao mje na daftari za watoto, tutazame pamoja ni wapi wanaachia katikati.