Mwataka Nakshi, Hamtaki Kinoo

Wasee, hebu tuseme ukweli. Kuanzia Likoni hadi Kisauni, kila mtu aijua ile methali: mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Wanasiasa waipiga jukwaani, wazee waipiga barazani, na nyinyi mwaiandika chini ya picha zenu. Lakini swali la pili haliulizwi na mtu: hicho kisu kilinolewa na nani, na kwa kitu gani?

Kila wiki naletewa ujumbe uleule. "Kaka, nataka kuanza kuchora majina kwenye pete na bangili, ninunue mashine gani?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza anoe vipi. Sasa leo najibu swali ambalo hamjauliza, na najua kuna watu watakasirika.

Tuelewane kwanza. Fundi wa nakshi ya mkono anatumia kalamu ya chuma: kichuma chembamba kama penseli, ncha yake imekatwa kwa pembe. Unaisukuma kwa kiganja, inalima mfereji kwenye fedha au shaba. Ncha ikiwa butu inateleza, inakwaruza pete ya mteja, na pengine yaingia kwenye kidole chako mwenyewe. Ncha ikiwa kali lakini haijang'arishwa, mfereji unatoka umefifia, hauna mng'ao. Kila kovu lililo kwenye ncha linajinakili kwenye kila mstari utakaochora. Mteja haioni ncha yako. Aona makovu tu, halafu aenda kwa mwingine.

Ndio maana mafundi wanaojua kazi wanatumia kisahani cha almasi: diski bapa ya chuma laini iliyolishwa unga wa almasi mpaka ukashika.

Najua mtakachosema. "Almasi? Sisi watu wa Mtongwe twaipata wapi almasi?" Tulia, mwanangu. Hii si ya pete ya uchumba. Tangu General Electric ya Marekani itangaze mwaka 1955 kwamba imetengeneza almasi kiwandani, unga wa almasi umekuwa kifaa cha karakana kama misumari. Unauzwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Kisahani cha inchi 6 kinashiba kwa karati chache, na ukikitunza kinakaa sana.

Na diski je? Nenda kwa wauza vyuma chakavu. Diski ya breki ya gari kuukuu ni chuma cha kumimina, na hicho ndicho hasa kinachotakiwa. Mpelekee fundi wa kukereza akutolee uso ulionyooka. Halafu wewe mwenyewe weka msasa wa maji juu ya kioo kinene, sugua diski juu yake mpaka ukiweka ukingo wa rula na kutazama mwangani, hakuna mwanga unaopita chini. Ioshe, ipanguse hadi kitambaa kitoke safi.

Sasa kulisha. Changanya unga wa almasi na matone machache ya mafuta ya cherehani. Upake kwa ncha ya kidole, vidoa vidoa, kisha usambaze uwe utando mwembamba. Chukua roli ya beringi, ile chuma ngumu iliyolainika, uibiringishe juu ya diski kwa nguvu, huku na huku, pande zote. Biringisha, usiburute. Ukiburuta, chembe zinahama. Ukibiringisha, zinazama. Panguse ziada, weka tone la mafuta, jaribu.

Kwa nini diski iwe laini kuliko kalamu? Kwa sababu chembe ya almasi yaingia pale palipo laini na kukaa. Diski inakuwa ufizi, almasi inakuwa meno, na chuma kigumu cha kalamu ndicho kinacholiwa. Mtu akikwambia diski ngumu ndio bora, hajawahi kunoa.

Usichanganye unga. Hii ndiyo sheria kubwa. Unga wa maikroni 15 ni wa kukata umbo. Wa maikroni 3 ni wa kulainisha. Wa maikroni 1 au nusu ni wa kung'arisha, na huo ulishe kwenye diski ya shaba nyekundu. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 50 hadi 100 hivi, kwa hivyo piga hesabu twazungumzia udogo gani. Chembe moja ya 15 ikiingia kwenye kisahani cha 1, kisahani hicho kimeharibika. Kila kimoja kiwe na mkebe wake wenye kifuniko na alama yake, na unawe mikono kabla hujahama.

Na polepole. Ukienda kwa kasi ya grinda, chuma chapata moto, chageuka buluu, ugumu umekwenda. Isitoshe, almasi ni kaboni tupu, na chuma cha pua kikipata moto sana kinaila kaboni hiyo. Waharibu kalamu na almasi pamoja.

Haya. Sasa ugomvi.

Wa kwanza ni wewe fundi mzee unayeficha. Nilikaa miezi kwa fundi mmoja, sitamtaja. Kila akitaka kunoa, mimi natumwa chai. Nikirudi, kalamu yang'aa na kisahani kimeshafungwa kwenye kitambaa. Nikiuliza, "Utajua tu." Shikamoo yako mzee, lakini hiyo si siri ya kazi, hiyo ni kuizika kazi ukiwa ungali hai. Hapo Changamwe kuna ushirika wa wachongaji, Akamba Handicraft, ulioanza 1963. Historia ya uchongaji wa Wakamba inamtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo kule Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Hebu fikiria kama Wazaramo wale wangekuwa wanamtuma chai kila wakitaka kunoa. Familia ngapi zingekosa mkate?

Wa pili ni kozi za kukariri. Mimi niliacha chuo kikuu, kwa hivyo mtasema nina kinyongo. Semeni. Lakini nimekaa na vijana waliomaliza kozi za usonara, wana vyeti vilivyotiwa fremu, na kalamu zao zimekuwa butu tangu siku ya mahafali. Waliwekewa kalamu iliyonolewa tayari, wakachora, wakapewa alama. Ilipokufa makali wakanunua nyingine. Huyo si fundi, huyo ni mteja wa duka la vifaa.

Wa tatu ni sisi wenye kamera. Twaweka video ya sekunde 30, uzi wa fedha ukijikunja kama ganda la chungwa, muziki chini, mioyo kibao. Ile saa nzima ya kunoa tumeikata kwa sababu "haina mvuto". Halafu kijana wa Bombolulu ajaribu, ateleza, ajidunga, aamini hana kipaji. Kipaji anacho. Tulichomficha ni kisahani.

Kuna watakaosema leza imemaliza mchezo. Leza ni haraka, sikatai, na kwa namba za kufuli itumie. Lakini leza inaunguza uso na kuacha alama. Kalamu iliyong'arishwa inakata ukuta wa mfereji ukawa kama kioo, na mwanga ukipiga, jina lawaka. Hicho ndicho kitu ambacho mtu wa mkono bado anaweza kukiuzia bei. Bila ncha ya kioo, huna hicho kitu, na hapo leza itakumaliza kweli.

Wengine watasema msasa watosha. Msasa una karatasi, karatasi yabonyea, na ukingo wako waviringika bila wewe kujua. Jiwe la kawaida nalo lachimbika katikati. Na ukinunua kalamu ya kabaidi, ile ngumu zaidi, kinoo cha jikoni kitaicheka tu.

Tena hii si hadithi ya pete peke yake. Tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo mwaka 1974, lachimbwa Taita Taveta, jirani zetu kabisa. Wakataji wa mawe wanalikata kwa kisahani hikihiki cha almasi. Jiwe likiondoka ghafi, pesa kubwa yaenda kwa mwenye kisahani, popote alipo. Mara nyingi hayuko Voi, wala hayuko Changamwe. Kwa hivyo mkiniona napiga kelele juu ya unga na mafuta ya cherehani, jueni ninagombania nani atabaki na pesa.

Basi msiniulize tena mashine. Tengeneza visahani vitatu, viandike alama, noa kalamu moja mpaka uone jicho lako kwenye ncha yake. Piga picha ya ncha hiyo kwa karibu, unitumie. Nikiiona inang'aa, hapo tutaongea biashara. Na wewe fundi uliyejificha nyuma ya kitambaa, kifungue. Chai twaweza kuletewa na muuza chai.