Kijana, usikimbie amri ya matunzo!

Kibarua kikiota nyasi, wengi wetu tukidaiwa matunzo ya mtoto tunahama mtaa. Tunakosea!

Serikali ya CCM haina ubavu wa kutuhubiria. Sheria ya zamani ilimpangia mtoto wa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, wao wakaiacha hadi 2009. Shilingi 100! Aibu iliyoje?

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu apime kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha. Hali ikibadilika, rudi mahakamani uombe amri irekebishwe. Ukijificha, deni linakua na mtoto analala njaa.

Vigogo tunawadai, sawa. Watoto wetu nao wanatudai.